Macho Yako ni Kura Moja

Ziadani haimo kwenye ramani yoyote, na wenyewe hawaoni aibu kwa hilo, kwa sababu ramani haina pa kubonyeza. Ni nchi ya watu wapole, nyumba zao safi, barabara zao zimefagiliwa, na mgeni anayefika kwa mara ya kwanza hudhani kaingia peponi mpaka siku atakayowasha televisheni. Stumai Ngwale alifika huko akiwa na jambo moja tu kichwani, kumtoa kaka yake rumande. Alipoondoka alikuwa ameichukia nchi ile kwa moyo wake wote, na ukisikia yaliyompata hutamlaumu, au utamlaumu kidogo tu.

Kaka yake, Shaweji, ni fundi wa mashine za kusaga. Ghala la ushirika wa kwao liliungua usiku mmoja na mahindi yote ya msimu, na kulipopambazuka jina lililokuwa midomoni mwa watu ni lake, maana wiki hiyohiyo alikuwa amerushiana maneno na mwenyekiti wa ushirika mbele ya kadamnasi. Shaweji alisema hakuwepo. Alikuwa amekwenda Ziadani kununua mkanda wa mashine, na jioni ile ya moto alivutwa kutoka viti vya watazamaji akapandishwa jukwaani kuonja pilau katika shindano la mapishi, na shindano lenyewe lilikuwa likirushwa moja kwa moja. Kituoni polisi walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakili hakucheka. Alimwita Stumai pembeni akamwambia kama picha hiyo ipo, na saa na tarehe vinaonekana, basi aende akailete, na mtu wake atatoka.

Safari haina la kusimulia. Alikwenda, akafika.

Sasa lazima uelewe desturi ya watu wale, ingawa kuielewa kunachosha. Vipindi vyote vya televisheni vya Ziadani hurushwa na maswali chini ya kioo. Nani atashinda? Gauni la mtangazaji limempendeza? Unakubaliana na daktari? Raia, ambaye rimoti haimtoki shingoni hata akiwa anaoga, hubonyeza jibu lake, na majibu yote hujumlishwa. Mchezo huo upo katika nchi nyingi, na kipindi kikiisha huisha nao. Ziadani waliona ni ufujaji. Wanapokihifadhi kipindi, wanahifadhi pamoja nacho maswali yake yote na majibu yote, na mzigo huo wanauita ziada. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba maswali hayafungwi. Atakayetazama kipindi hicho mwakani, au wajukuu zake watakapokitazama, ataulizwa upya, picha itasimama mpaka ajibu, na jibu lake litaongezwa kwenye lundo kana kwamba mambo yanatokea leo.

Kwa hiyo Ziadani hakuna kitu kilichowahi kwisha. Timu ya mpira iliyobeba kombe enzi za mababu hunyang'anywa na kurudishiwa kila wazee wanapoketi kutazama lile goli. Idara ya hali ya hewa ina watu wanaosahihisha mvua za zamani, kwa kuwa utabiri uliorekodiwa ungali unauliza kama kesho itanyesha, na wananchi wangali wanajibu. Maharusi hupelekewa taarifa kila Ijumaa kuwaeleza kama wengi bado wanaona wanafaana. Na wagombea wawili wa urais, waliofanya mdahalo ambao mpaka sasa unatazamwa, hupokezana ikulu kadiri hesabu inavyogeuka, na inasemekana hakuna kati yao aliyewahi kufungua sanduku lake la nguo.

Desturi nyingine ni kwamba mgeni aliyefuata kipindi fulani hulazwa nyumbani kwa mtu aliyemo katika kipindi hicho. Hiyo, Stumai alikiri baadaye, ndiyo desturi pekee yenye akili aliyoikuta. Walimpeleka kwa Bi Kidawa, mmoja wa wapishi wawili walioshindana jioni ile, mama wa makamo, mnene, mcheshi, mwenye mikono iliyokwishazoea moto. Mlangoni pake palikuwa na sufuria kubwa la shaba linalong'aa. Hiyo ilikuwa zawadi ya mshindi. Wiki aliyokuwa akishinda liliachwa kwake, wiki aliyokuwa akishindwa walikuja kulichukua, na kwa kuwa hakujua watakuja lini, hakuwahi kulibandika jikoni hata mara moja.

"Nimechoka kulisugua," alimwambia Stumai. "Mara nyingine natamani nishindwe moja kwa moja nipumzike."

Stumai alipomtajia Shaweji, yule mama aliweka chini mwiko. Alimkumbuka barabara. Kijana mwembamba, anakula kwa mkono wa kushoto, na kabla hata hajaonja pilau aliomba kachumbari. Bi Kidawa alikasirika, akaona huyu hana adabu, mtu anaongezaje kitu kwenye chakula asichokionja? Lakini kijana alipomaliza sahani aliramba vidole, akaomba nyingine ya kufungiwa. Stumai alicheka, halafu machozi yakamtoka, maana huyo hasa ndiye Shaweji, na tangu akamatwe hakuna aliyekuwa amemzungumzia kama mtu.

"Na wanasema kachoma ghala?" Bi Kidawa aliuliza. "Jioni ile ile? Basi twende, mwanangu. Nitasimama mbele ya hakimu wenu niseme nilimpakulia mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Stumai alimshukuru. Akamweleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza mama yake mambo ya benki, kwamba mahakamani maneno ya mtu hugeuzwageuzwa, lakini picha haigeuki, na wakili alisema picha. Bi Kidawa alishika tena mwiko wake, hakulirudia suala hilo.

Asubuhi Stumai alikwenda kwenye Hifadhi, wanakotunza vipindi. Ni jumba kubwa kuliko hospitali yao na shule zao ukiziunganisha. Mlangoni walichukua simu yake, ya kurudishiwa siku atakayoondoka nchini, wakampa rimoti ya kuvaa shingoni, na akapokewa na Bwana Makungu, Mtunza Ziada Mkuu, mtu mwembamba mwenye miwani na sauti laini, wa aina ile ambayo huwezi kumgombeza bila kujiona wewe ndiye mkorofi. Kipindi kilikuwepo. Alimketisha mbele ya kioo, akaketi naye kama sheria inavyotaka.

Kioo kikawaka na kuuliza kama amekaa vizuri. Stumai akasubiri. Nacho kikamsubiri. Makungu akamwonyesha rimoti kwa kidole, naye akabonyeza Ndiyo ili yaishe. Kikauliza kama wimbo wa kufungulia unafaa. Kikauliza kama aproni ya mpishi wa kulia inampendeza, na kama vitunguu vimekatwa vidogo vya kutosha, na kama mtazamaji angependa kuulizwa maswali zaidi. Hapo Stumai alibonyeza Hapana kwa nguvu mpaka kidole kikamuuma, na kioo kikamuuliza kwa nini.

Alivumilia, maana alikuwa na haja. Na hatimaye alimwona. Shaweji akipanda ngazi za jukwaa kwa aibu, shati lake la mistari, mkanda wa mashine umeviringishwa begani kwa sababu aliogopa kuuacha kitini ukaibwa. Nyuma yake saa kubwa ya ukutani, na bango la maua lenye tarehe, vyote vinasomeka wazi. Aliinama akamwambia mpishi neno, na Stumai alijua ni kachumbari. Alishika kifua. Wiki nyingi alikuwa amembeba kaka yake moyoni kama mtu anayeshukiwa, na huyu hapa, anatafuna, hana habari ya ghala wala moto.

Picha ikasimama. Chini yake pakaandikwa: Je, mgeni huyu ni mgeni kweli, au amepangwa?

Stumai alibonyeza Kweli. Kioo kikamshukuru kwa mchango wake, kikamwonyesha jumla. Watazamaji wengi, wengi mno, walikuwa wamejibu Amepangwa.

"Wengi wanasema amepangwa," alisema Bwana Makungu kwa masikitiko, kama daktari anayesoma vipimo.

"Hao wengi hawamjui. Huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Nimemwona kwa macho yangu, na wewe umemwona."

"Mimi sijaona kitu, niko kazini," alisema Makungu. "Na macho yako, dada, ni kura moja."

Stumai alidhani ametaniwa. Hakuwa ametaniwa. Makungu alimweleza, bila haraka, kwamba kipindi hakitoki nje ya nchi kikiwa kinabishana na ziada zake. Zamani kilitoka kimoja ambacho picha yake ilionyesha mbuzi, na wananchi kwa wingi wao walikuwa wameamua ni kondoo. Majirani waliwacheka sana. Tangu hapo ikawa sheria: picha na ziada zikubaliane ndipo mlango ufunguliwe. Kwa sasa, kadiri Ziadani inavyojua, mtu aliyekula pilau ile hakuwa mgeni bali mwigizaji, na mwigizaji hawezi kuwa kaka yake Stumai aliyeko rumande. Stumai alimuuliza kwa nini wasirekebishe ziada, kwa kuwa picha ndiyo yenye ukweli. Makungu alivua miwani akaifuta.

"Picha ni jambo lililotokea mara moja tu," alisema. "Ziada ni watu."

Wangekuwa na ukali ningesema heri. Ukali mtu anajua namna ya kukabiliana nao. Lakini kila aliyemwendea alimpa kiti, alimpa chai, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza ameionaje huduma. Damu ilimchemka. Alikata shauri kupeleka malalamiko yake kwenye Baraza, akakalishwa kwenye benchi la wageni, na zamu yake haikufika, kwa kuwa siku ile Baraza zima lilikuwa limeshikana mashati kwa habari ya nafasi.

Hifadhi ilikuwa imejaa. Vipindi vipya havikuwa na pa kuwekwa, na majibu ya vile vya zamani yalizidi kuongezeka. Mjumbe mmoja, bibi mwenye sauti nyembamba, alipendekeza maswali ya zamani yafungwe, mambo yaliyokwisha yahesabiwe yamekwisha. Walimzomea mpaka akakaa. Mwingine akasimama na hoja iliyowapendeza wote. Alisema picha ndiyo inayokula nafasi, tena picha haikui. Ipo vilevile tangu ilipopigwa, haina jipya la kusema. Ziada zinakua kila siku, na kinachokua ndicho chenye uhai. Basi kila kipindi kijitafutie nafasi chenyewe: ziada zake zikiongezeka, picha yake ipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Walipiga makofi, wakabonyeza, hoja ikapita. Stumai, benchini, alifikiri moyoni kwamba hawa ni wendawazimu wa kufungwa kamba, na baada ya kufikiri hivyo hakulifikiria tena suala hilo. Alikuwa na lake.

Lake lilikuwa rahisi kulisema. Kama kura ndiyo inayotakiwa, basi atafute kura. Alirudi kwa Bi Kidawa, akamwomba amtembeze mtaa kwa mtaa, kwa kuwa nyumba yoyote ya Ziadani yaweza kuita kipindi chochote kutoka Hifadhi, na wawaombe watu watazame shindano lile na kujibu swali la mgeni kwa haki. Bi Kidawa alivaa viatu vya kutembelea.

Watu waliwapokea vizuri kupita kiasi. Waliweka kipindi, wakaketi, wakashika rimoti. Lakini Stumai aligundua jambo ambalo mwanzoni hakuliamini. Hawakutazama picha. Macho yao yalikuwa chini ya kioo, pale maswali yanapotokea, na yalikaa hapohapo tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Swali la mgeni lilipokuja, waligeuka na kuuliza wengi wamesemaje, Stumai akawaambia bila kuficha kwamba wengi wamesema amepangwa, wakabonyeza Amepangwa, wakafurahi kuwa hawakukosea. Alimuuliza mwalimu mmoja, mtu msomi na mstaarabu, mgeni yule alikuwa amebeba nini begani.

"Mgeni yupi?" mwalimu alisema.

Alijaribu kuziba sehemu ya chini ya kioo kwa khanga, ili wasiwe na pa kutazama isipokuwa picha. Ilikuwa balaa. Mzee mmoja alisema kichwa kinamzunguka. Mama mmoja alishika rimoti yake kwa mikono miwili akauliza, kwa woga wa kweli, sasa afikirie nini. Wakaomba khanga iondolewe. Ilipoondolewa walishusha pumzi, wakabonyeza Amepangwa.

Stumai alijikaza kwa siku kadhaa, akieleza, akisihi, akiwasimulia habari za Shaweji na mahindi na mwenyekiti. Walimhurumia. Mmoja alilia kabisa, kisha akafuta machozi akauliza wengi wamesemaje. Huko kwao Stumai siku ya kesi ilikuwa inakaribia, na hesabu ilikuwa imezidi kuwa mbaya, maana kila mlango aliobisha uliongeza kura upande usio wake. Alikuwa anamchimbia kaka yake kaburi kwa mikono yake mwenyewe, na kwa heshima zote, na chai juu. Jioni moja walipofika kwenye nyumba nyingine, mwenye nyumba akauliza kama wenzake, wengi wamesemaje.

"Wengi wanasema ni mgeni kweli," alisema Stumai.

Yule bwana akabonyeza Kweli. Mkewe akabonyeza Kweli. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti akaulizwa, naye akabonyeza Kweli na kuondoka. Ilikuwa rahisi hivyo. Hakuna aliyesubiri kioo kionyeshe jumla, kwa kuwa waliamini kwamba mtu angeweza kudanganya jambo jingine lolote, lakini si hesabu. Walipotoka nje Bi Kidawa alimtazama.

"Umekuwa mwenyeji sasa," alisema.

Stumai alimwambia si wakati wa kulaumiana, Shaweji yuko ndani. Na hilo lilikuwa kweli. Kuanzia hapo kazi ikaenda kwa kasi. Mitaa mizima iliketi na kubonyeza. Aliacha kueleza habari za kaka yake, kwa sababu zilichelewesha watu. Alisimama pembeni ya kioo, macho yake chini, akiangalia jumla inavyopanda, na ilipopanda moyo wake ulipanda nayo. Mara moja, wakiwa nyumbani kwa fundi cherehani, Bi Kidawa alisogea karibu na kioo akakunja uso.

"Mwanangu, hebu tazama. Sufuria langu silioni tena pale mezani. Na yule mwenzangu hana uso."

"Ngoja kidogo, mama," Stumai alisema bila kuinua macho. "Namba zinapanda."

Siku ambayo Kweli ilipita Amepangwa, Bwana Makungu alimwita na kumpa mkono kwa furaha isiyo na hila. Picha na ziada zilikuwa zimekubaliana, alisema, na hakuwahi kuona kipindi cha mapishi kilichojibiwa na watu wengi hivi. Alimkabidhi kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni, kimefungwa kwa lakiri ya Hifadhi. Stumai, ambaye kumbe hakuwa mjinga kabisa, alimuuliza kama kila kitu kimo.

"Kila kitu," alisema Makungu. "Hata jibu moja halikupotea."

Alimuaga Bi Kidawa mbio mbio. Yule mama alimfungia pilau kwenye jani la mgomba, na kachumbari kando, akasema hiyo kachumbari ni ya kaka yako, mwambie nimemsamehe. Mlangoni sufuria halikuwepo. Walikuwa wamekuja kulichukua asubuhi ile, kwani katika mbio zile zote za kubonyeza watu walijibu na swali la mshindi pia, na wakajibu kama wengi. Stumai aliona nafasi tupu pale, akasema pole, akaondoka.

Mahakama ya kwao ni chumba kidogo chenye madirisha mawili, na siku ile kilijaa mpaka watu wakachungulia. Shaweji aliletwa, amekonda, akamwona dada yake na kisanduku mkononi, na uso wake ukakunjuka. Wakili alisimama kwa madaha akasema upande wa utetezi una picha itakayomaliza ubishi. Televisheni ya karani ikaletwa, kisanduku kikachomekwa.

Kioo kikauliza kama hakimu amekaa vizuri.

Hakimu, mwanamke asiyependa masihara, alimtazama wakili. Stumai akanong'ona kwamba lazima pabonyezwe, akabonyeza kwa niaba yake. Wimbo ukapita. Aproni ikaulizwa, vitunguu vikaulizwa. Maswali yalikuja wazi kabisa, herufi nzuri, na juu yake palikuwa na giza. Stumai alisubiri giza liondoke. Alidhani ni waya, akasogeza waya. Halikuondoka. Palikuwa na kivuli cha kitu ambacho huenda kilikuwa meza, kisha hata hicho kikayeyuka, na chini yake pakaandikwa: Je, mgeni huyu ni mgeni kweli, au amepangwa? Na jumla ikatoka, kubwa, ya kutisha. Kweli. Taifa zima limesema Kweli.

"Mgeni yupi?" hakimu aliuliza.

Hapo ndipo yule mjumbe wa Baraza aliyetaka picha zipunguzwe alipomrudia Stumai masikioni, na makofi yale. Kila mlango aliobisha, kila aliyembembeleza na kumdanganya, alikuwa ameongeza jibu, na kila jibu lilikuwa limekula kipande cha Shaweji: kwanza ukuta, kisha saa, kisha bango, kisha shati la mistari na mtu aliyelivaa. Alieleza. Alieleza vibaya, kwa sauti ya kukatika, na ilisikika kama hadithi ya mlevi. Mwendesha mashtaka hakuona hata haja ya kusimama. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mahakama haiwezi kuona kura," alisema, na hakusema kwa ukali. "Nataka kujua jambo moja. Katika nchi hiyo nzima, hakuna mtu aliyemwona mshtakiwa kwa macho yake jioni hiyo?"

"Yupo, Mheshimiwa. Mpishi. Yeye ndiye aliyempakulia."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Nilikuwa nimelala kwake."

"Akakataa kuja?"

Stumai alitazama sakafu.

"Hakukataa," alisema. "Alisema twende. Mimi ndiye niliyemwambia maneno ya mtu hayafai."

Hakimu aliahirisha kesi. Alisema mshtakiwa atarudi rumande, na upande wa utetezi ujue kwamba safari ijayo anataka kumwona mtu, mwenye mdomo. Askari wakamchukua Shaweji. Alipopita karibu na dada yake alisimama kidogo, na Stumai alijiandaa kwa lolote, kwa lawama, hata kwa kutemewa mate. Angeyapokea yote.

"Yule mama wa pilau," Shaweji alisema, "hajambo lakini?"

Watu walitoka. Wakili alikusanya makaratasi yake bila kuaga. Karani alitaka televisheni yake, akajaribu kuizima, haikuzimika, akamwita mwenye kisanduku aje aone hiki kidude kinataka nini. Stumai alisogea. Katikati ya kioo cheusi lilikuwa limebaki swali la mwisho, ambalo kule Ziadani hakuwahi kufika kulisoma: Je, umeridhika na kipindi hiki?

Alibonyeza Hapana. Kioo kikamshukuru kwa mchango wake, kikamjulisha kwamba wengi wameridhika, kisha kikazimika. Stumai alikichomoa kisanduku, akakiacha juu ya meza ya karani, akatoka kwenda kumfuata Bi Kidawa.